Kanoni ni nini, na kwa nini mashabiki wa Star Trek wanaigombania

Tarehe 8 Septemba 1966, televisheni ya NBC ya Marekani ilionyesha sehemu ya kwanza ya Star Trek, tamthilia ya safari za angani katika karne zijazo, na katika sehemu hiyohiyo kilisikika Kiswahili. Kiumbe kinachojigeuza sura kilimjia Luteni Uhura kwa umbo la mwanamume aliyekuwa akimuwaza, kikamsemesha kwa lugha yake. Nichelle Nichols, aliyeigiza nafasi hiyo, alisimulia kwamba siku ya usaili alikuwa amebeba kitabu chenye neno Uhuru kwenye jalada. Kenya ilikuwa haijatimiza miaka mitatu tangu ijitawale. Gene Roddenberry, mwasisi wa tamthilia, akalipenda neno lile, likabadilishwa herufi ya mwisho, likawa jina la afisa wa mawasiliano.

Hilo lilikuwa jina la ukoo. La kwanza hakupewa. Miaka 16 ikapita, hadi mwaka 1982 William Rotsler, katika kitabu chake kuhusu wahusika wa Star Trek, alipomwita Nyota. Jina likawaingia mashabiki moyoni na waandishi wa riwaya wakalitumia. Hata hivyo, mwaka 2000 ungemuuliza shabiki mzoefu kama Uhura anaitwa Nyota, angekujibu: "Tunamwita hivyo, ila si kanoni." Ilibidi kungoja filamu ya mwaka 2009, mhusika mkuu Spock alipolitamka mbele ya mwenzake Kirk, nahodha wa chombo katika tamthilia ya kwanza, ambaye alikuwa akilitafuta jina hilo tangu mwanzo wa filamu. Baada ya hapo hakuna tena aliyebisha.

Kanoni, basi, ni jumla ya mambo yanayohesabiwa kuwa yametokea kweli ndani ya ulimwengu wa hadithi fulani. Kila mtu anajua kwamba hadithi yenyewe ni ya kubuni. Lakini humo ndani kuna yaliyothibitika, ambayo mwandishi anayekuja baadaye anatarajiwa kuyaheshimu, na kuna ya pembeni, ambayo anaweza kuyapita bila kumwomba mtu radhi.

Neno lenyewe limetoka kanisani. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wamelikuta kwenye "vitabu vya deuterokanoni", vile ambavyo Wakatoliki wanavipokea na Waprotestanti wengi wanaviweka kando. Asili yake ni Kigiriki, ambako lilikuwa na maana ya ufito wa kupimia, na neno hilohilo likipitia Kiarabu ndilo lililotupa sisi "kanuni". Nimependa sana kugundua kwamba kanoni na kanuni ni ndugu, kwa sababu mashabiki wanapogombana huwa wanagombania kitu cha kupimia: hadithi mpya ipimwe kwa nini? Kutoka kanisani kwenda kwenye hadithi neno lilipita Uingereza. Mwaka 1911 Ronald Knox, aliyekuja kuwa padri, alimchambua Sherlock Holmes kwa mbinu za wachambuzi wa Biblia, na wapenzi wa mpelelezi huyo hadi leo huziita kanoni zile hadithi 60 alizoandika Arthur Conan Doyle.

Conan Doyle alikuwa mtu mmoja. Star Trek imeandikwa na mamia ya watu kwa karibu miaka sitini, na hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu. Kawaida iliyozoeleka ni kwamba kilichoonyeshwa kwenye televisheni au sinema kimo ndani ya kanoni, na riwaya, vitabu vya katuni na michezo ya kompyuta viko nje. Kawaida hiyo nayo ina nyufa. Tamthilia ya katuni iliyorushwa mwaka 1973 na 1974 ilitengwa na ofisi ya Roddenberry mwishoni mwa miaka ya 1980, kisha ikarudishwa taratibu. Humo ndimo Kirk alimopewa jina la kati, Tiberius. Kwa hiyo kuna miaka ambayo jina la nahodha maarufu kuliko wote lilikuwa limening'inia hewani, hadi filamu ya mwaka 1991 ilipolithibitisha.

Mfano mzuri kuliko yote, kwa maoni yangu, ni mapaji ya nyuso za Waklingon, viumbe wa sayari nyingine. Katika tamthilia ya kwanza Waklingon walikuwa waigizaji waliopakwa rangi na kubandikwa masharubu, kwani bajeti haikuruhusu zaidi. Filamu ya mwaka 1979 ilipata fedha, na Waklingon wakatokea na matuta ya mifupa kwenye paji la uso. Hakuna aliyeeleza chochote. Mwaka 1996 tamthilia ya Deep Space Nine iliwarudisha wahusika wake nyuma hadi enzi za Kirk, wakawaona Waklingon wenye mapaji laini, wakamgeukia mwenzao Worf, ambaye ni Mklingon, kutaka maelezo. Akawaambia kwamba hilo ni jambo wasilolizungumza na watu wa nje. Mwaka 2005 ndipo tamthilia ya Enterprise ilipotoa sababu: virusi vilivyotokana na majaribio ya vinasaba vilikuwa vimelainisha mapaji ya baadhi yao. Miaka 26 ilipita kabla ya tundu hilo kuzibwa. Kiraka cha namna hii, kinachoshonwa baadaye ili yaliyopita na ya sasa yasigongane, ni sehemu ya kawaida ya uhai wa kanoni yoyote ndefu.

Miaka yote ile, matuta hayo hayakuwafanya mashabiki waseme Star Trek imekufa. Waliulizana, wakatunga nadharia zao, wakaendelea kutazama. Mwaka 2017 ikaja tamthilia ya Discovery, iliyowekwa takriban miaka kumi kabla ya safari za Kirk, na Waklingon wakabadilishwa tena: vichwa vipara, vimerefuka kwa nyuma, mavazi mazito. Safari hii malalamiko yalikuwa makali. Zaidi ya hapo, mhusika mkuu, Michael Burnham, alikuwa dada wa kulea wa Spock, dada ambaye Spock hakuwahi kumtaja hata siku moja. Mwaka 2019 waandishi wakatia kiraka: chombo cha Discovery kikaruka kwenda mbele mamia ya miaka, na waliobaki wakaamriwa wasikizungumze tena. Ni jibu la Worf lilelile, lakini lile la mwaka 1996 lilipokelewa kwa furaha, na hili wengi walilipokea kwa kuguna.

Kwa nini badiliko la aina moja lisameheke mara moja na lisisameheke mara nyingine? Hapa naona watu wanachanganya vitu viwili. Kimoja ni kanoni, yaani matukio. Cha pili hakina jina rasmi. Mimi nakiita moyo wa hadithi. Moyo wa Star Trek ulikuwa picha ya mwaka 1966 iliyowashangaza watu: mwanamke mweusi kwenye meza ya mawasiliano, na usukani mikononi mwa Sulu, aliyeigizwa na George Takei, Mmarekani mwenye asili ya Japani aliyefungwa kambini akiwa mtoto wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1967 akaongezeka Mrusi, Chekov, katikati ya Vita Baridi. Ilikuwa ahadi kwamba binadamu watakuja kuishinda aibu yao. Shabiki anayesema "wamepotea njia" mara nyingi anailia ahadi hiyo, ila kwa kuwa moyo haupimiki, anashika kinachopimika: tarehe isiyolingana, sare ya rangi tofauti, paji la uso.

Kilio chenyewe si kipya. Mwaka 1987, ilipoanza The Next Generation, tamthilia mpya ya Star Trek, wapo waliosusa chombo kisicho na Kirk wala Spock. Ikadumu misimu saba. Roddenberry aliwataka waandishi wake wasiweke ugomvi mkubwa kati ya mabaharia wa chombo, maana binadamu wa karne ile wameshakomaa. Alifariki mwaka 1991, na Deep Space Nine iliyoanza mwaka 1993 ikaleta kituo kisichosafiri, vita na wahusika wanaozozana. Mwaka 1998 Kamanda Sisko, mkuu wa kituo hicho, aliyekuwa ameshapanda cheo kuwa nahodha, alishiriki uongo mkubwa ili kuwaingiza vitani Waromulan, taifa jingine la angani. Wapo wanaoshikilia kuwa Roddenberry asingekubali. Wengine, mimi nikiwamo, tunaihesabu sehemu ile miongoni mwa bora kabisa, kwa sababu Sisko anaumia. Ahadi ipo palepale, naye anajua ameivunja. Tamthilia ya Picard ya mwaka 2020, inayomfuata nahodha wa The Next Generation, iliponionyesha mwenzake wa zamani anayeishi kwa ufukara jangwani katika Dunia iliyokuwa imetangaza kuumaliza umaskini, nilikwama. Matukio hayakupingana na kanoni kwa namna ya kutisha. Kilichoniuma ni kwamba hadithi ilipita pale kama jambo la kawaida.

Ushahidi mwingine umo katika tamthilia ya Strange New Worlds, iliyoanza mwaka 2022. Katika tamthilia ya kwanza, Januari 1967, Kirk na wenzake wanakutana na Wagorn kama viumbe wasiowajua kabisa. Strange New Worlds, ambayo inatangulia enzi hiyo, imewajaza Wagorn tele. Afisa wake wa usalama aliponea chupuchupu mikononi mwao tangu utotoni. Kwa kipimo cha kanoni, hilo ni kosa kubwa kuliko vichwa vya Waklingon. Wapo wanaolalamika, lakini wengi waliokuwa wakiilaani Discovery kwa sababu ya kanoni wameipokea tamthilia hii kwa mikono miwili. Wagorn wanasameheka pale mashabiki wanapouona moyo upo.

Katika sehemu ya pili ya Strange New Worlds, Nahodha Pike, aliyemtangulia Kirk, amewaalika mabaharia wake chakula cha jioni. Kadeti kijana amekaa mezani akiwa na wasiwasi, hajui hata kama kazi hii anaitaka. Anaulizwa habari zake, naye anaeleza kwamba ametoka Kenya na kwamba anazungumza lugha 37. Ni Nyota Uhura. Katika tamthilia ya 1966 Kenya haikutajwa kuwa kwao. Sasa imeonyeshwa, na ni kanoni.