Swali la Kufikirisha Si Swali la Nje ya Muhtasari

Kila baada ya mitihani ya muhula, ofisi yetu hupokea malalamiko ya wazazi kwamba watoto wao wameulizwa mambo ambayo hawakufundishwa, na malalamiko hayo yameongezeka tangu mitaala iliyoboreshwa ilipoanza kutumika Januari 2024. Tunayapokea kwa nia njema. Hata hivyo, tunapoyafuatilia, mara nyingi tunakuta mada husika ilifundishwa, isipokuwa mwanafunzi aliikariri bila kuielewa.

Mwanafunzi akiulizwa ataje mahitaji ya mbegu kuota, hujibu upesi: maji, hewa na jotoridi la kufaa. Sasa aulizwe hivi: maharage yamepandwa katika makopo mawili yenye udongo uliomwagiliwa sawasawa, kopo moja likawekwa dirishani na jingine ndani ya kabati lenye giza, yapi yataota, na kwa nini? Wengi huandika kwamba ya kabatini hayataota kwa kuwa mmea huhitaji mwanga, ilhali yote yataota. Mwanga utahitajika baadaye, mche utakapoanza kujitengenezea chakula, na ndiyo maana mche wa kabatini hurefuka ukiwa mwembamba na wa manjano. Swali hilo limo ndani ya mada ileile, na si haki kumlaumu mwalimu aliyelitunga.

Mwalimu hatungi maswali kwa kubahatisha. Huanza na jedwali la utahini, yaani mpango wa kugawa maswali kwa mada na kwa ngazi za fikra: mada iliyofundishwa kwa vipindi 12 kati ya 60 hupewa asilimia 20 ya maswali, yaani maswali 10 katika mtihani wa maswali 50. Kisha maswali hayo 10 hugawanywa kwa ngazi za fikra, kuanzia kukumbuka, kuelewa na kutumia, hadi kuchambua, kutathmini na kubuni. Mtihani wenye maswali ya “taja” na “orodhesha” pekee haujakidhi jedwali, hata kama wazazi wataufurahia kwa sababu ya alama.

Kwa walimu wenzetu, fikra tunduizi, yaani uwezo wa kuchambua jambo na kutoa sababu, hujengwa darasani kabla ya mtihani. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alibaini kuwa walimu wengi humsubiri mwanafunzi kwa takribani sekunde moja tu baada ya kuuliza swali. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi walianza kutoa sababu. Kusubiri huko hakuhitaji bajeti, na katika darasa lenye wanafunzi wengi ndipo kunapohitajika zaidi.

Wapo wanaotafuta njia ya mkato kwa kununua karatasi zinazodaiwa kuwa za mtihani. Ieleweke kwamba mtahiniwa wa mtihani wa taifa akithibitika kufanya udanganyifu hufutiwa matokeo yake yote, si ya somo moja tu. Kituo kinachohusika kinaweza kufungiwa, na watu wazima walioshiriki huwajibishwa kisheria.

Mzazi ambaye bado haridhiki amwone kwanza mwalimu wa somo, kisha mkuu wa shule, na baada ya hapo afisa elimu kata. Aende na karatasi ya maswali, majibu ya mtoto na daftari la somo hilo, kwa kuwa bila daftari hatuwezi kujua kilichofundishwa.