Shefu-bandi ni nani? Na Arthur Morgan tumutie fasi gani?

Mu sale moja ya gemu kule Katuba, komini ya Lubumbashi, batoto babiri balikosana mpaka karibu bapigane, mumoja anasema Arthur Morgan, ule tunachezeaka mu gemu ya video Red Dead Redemption 2, ni shefu-bandi, mwingine anasema hapana, Arthur njo akteri, na akteri hawezi kuwa shefu-bandi. Bakaniuliza miye juu niko mukubwa pale. Bote babiri balikuwa na haki kidogo, ila balichanganya bintu bibiri.

Huku Lubumbashi tangu budogo tukisimuliana filme tuko na majina mawili tu. Akteri ni ule tunatembeaka naye mwanzo mpaka mwisho. Shefu-bandi ni ule anamukatia njia, na siye tunangojea aanguke. Sasa angalia muzuri, haya majina hayapime roho ya muntu, ni fasi tu ndani ya hadisi, sawa vile mu mpira kuna golkipa na kuna mushambuliaji. Roho ni ulizo ingine kabisa, pale njo tunasema huyu ni mubaya.

Tumuchukue Arthur. Gemu ilitoka 2018, hadisi inapita mu mwaka 1899 Marekani, na yeye eko mu kundi ya Dutch van der Linde, banaiba treni, banaiba banki, banaua. Lakini kwangu kitu kinauma sana si treni, ni deni. Mu kambi yabo kuna Strauss, anakopeshaka bamasikini makuta na faida kali, sawa bale tunaitaka Banque Lambert huku kwetu, na Arthur njo anatumwa kulipisha. Anafika kwa Thomas Downes, mulimaji mugonjwa, anamupiga mbele ya bibi na mutoto, Downes anamukoholea damu ku uso, kisha siku zinapita Downes anakufa. Ule alikuwa na tuberkulozi, na njo hiyo itakuja kumumaliza Arthur mwenyewe, na akijua eko mugonjwa njo anaanza kujuta.

Pale niliweka maneti, ile ya kuchezea, chini. Nikiwa mudogo muntu wa lambert aliingia kwetu akabeba televizio na matela, mama anatazama tu. Kwetu siye ule alikuwa shefu-bandi, basi, na hata siku moja sikujiuliza kama naye anakohoa busiku ao nani alimutuma.

Kwa hiyo mu hadisi ya nyumba ya Downes, Arthur ni shefu-bandi bila kubishana. Kama gemu ingetupatia maneti ya Edith, bibi ya Downes, tungemutafuta Arthur fasi yote mpaka tumupate. Tunamupenda juu kamera iko nyuma ya mugongo yake.

Tena gemu yenyewe iko na kipimo ya heshima, inapanda ukisaidia bantu, inashuka ukiua bule, na mwisho unabadilika: ukiwa na heshima ya juu na ukamusaidia John Marston, mwenzake wa kundi, kukimbia, Arthur anakufa polepole akitazama jua inatoka, ikiwa chini Micah Bell, naye wa kundi, anamupiga risasi. Lakini hata kipimo ikifika chini kabisa, Arthur anabakia akteri. Roho ilibadilika, fasi hapana.

Dutch ni kinyume, yeye fasi njo ilibadilika. Mu Red Dead Redemption ya kwanza, ya 2010, hadisi ya 1911, ni ule John anatumwa kuwinda, shefu-bandi kabisa. Mu ile ya 2018 tunaanza naye sawa baba ya kila muntu mu kambi. Milton, ule ajenti wa Pinkerton, kampuni ya bapelelezi, fasi yake ni ya adui yetu, ila anatumika upande wa sheria. Micah, anauza benzake, huyu fasi na roho byote bibaya, siwezi kupoteza wakati.

Nilipomaliza mumoja akaniuliza, "Yaya, na kama Downes hangekuwa mugonjwa, Arthur angejuta?"

Nilifikiri sana mbele ya kumujibu. Nikamuambia miye naona hapana, angerudia mu kambi na makuta mu mufuko, alale muzuri, na kesho yake Strauss amupatie jina ya mwingine. Njo maana Arthur wa ile siku ya kwa Downes, akteri ao hapana, namuita mubaya.