Uzi hauyeyuki

Wanafunzi wangu hushangaa nikiwaambia kwamba njia ya tPA, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ubongoni, ilipita kwa sungura. Wao wamezoea panya.

Panya hana ubaya, tatizo ni namna tunavyompa kiharusi. Mara nyingi tunapenyeza uzi wa nailoni kwenye mshipa wa shingo, tunausukuma mpaka uzibe mshipa mkubwa wa ubongo, kisha baada ya muda tunauvuta na damu inarudi. Kazi safi. Ila uzi hauyeyuki! Dawa haina cha kuyeyusha pale.

Mtafiti Justin Zivin na wenzake huko Marekani walichukua damu ya sungura, wakaiacha igande, wakaikatakata vipande vidogo sana na kuviingiza kwa mrija uliokwisha kuwekwa kwenye mshipa wa shingo. Sungura alikuwa macho, kwa kuwa dawa ya usingizi nayo hubadilisha hali ya ubongo. Halafu unamtazama tu: anazunguka upande mmoja? Anayumba? Analalia ubavu? Mzima au si mzima, basi. Walichopima ni kiasi cha damu iliyoganda kinachowaathiri nusu ya sungura. Dawa ikisaidia, kiasi hicho kinapanda. Nakipenda kipimo hiki kwa sababu hakikuachii nafasi ya kujidanganya na picha nzuri za ubongo.

Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1985. Mwaka 1995 likaja jaribio la NINDS, taasisi ya Marekani ya magonjwa ya ubongo na neva, la wagonjwa 624 waliotibiwa ndani ya saa 3: waliopata tPA walipona vizuri zaidi, ingawa asilimia 6.4 walivuja damu ubongoni hadi kuonyesha dalili, dhidi ya 0.6 ya wenzao waliopewa dawa bandia.

Na kuna jambo la dozi. Binadamu hupewa miligramu 0.9 kwa kila kilo ya uzito. Panya mara nyingi hupewa 10, kwa vile plazminojeni yake, protini ya damu ambayo tPA huiamsha ili iyeyushe damu iliyoganda, huiitikia tPA ya binadamu kivivu. Sasa akivuja damu, ni kwa sababu ya dawa au ya wingi wake? Tena huyo ni panya kijana asiye na presha wala kisukari, tofauti kabisa na mzee anayeletwa mapokezi.

Ndiyo maana nikiletewa makala ya panya niikague, naanzia sehemu ya mbinu. Nikikuta uzi, namwuliza mwandishi tPA yake ilikuwa ikiyeyusha nini.