Je, Wajua Kwa Nini Foleni ya Feri za Dover Hupangwa Mbali na Bahari?

Mji wa Dover, katika jimbo la Kent kusini-mashariki mwa Uingereza, umetenganishwa na Ufaransa na mkondo wa bahari wenye upana wa kilomita 33 hivi, na feri huchukua takribani saa moja na nusu kufika Calais. Hata hivyo, siku ambayo mpaka huo unakwama, iwe ni kwa mgomo, kwa dhoruba au kwa utaratibu mpya wa ukaguzi, dereva wa lori mwenye mzigo wa kwenda Paris huenda akasimamishwa karibu na Maidstone, makumi ya kilomita kabla ya kuiona bahari, akaambiwa azime injini na kusubiri. Mgeni wa jimbo la Kent atadhani kuna ajali mbele. Hakuna ajali, barabara kuu ya M20 imegeuzwa maegesho kwa makusudi, na wanaoisimamia wangeshtuka zaidi kama malori hayo yangefika bandarini.

Kwanza tuitazame bandari yenyewe. Dover imebanwa kati ya maji na miamba mirefu ya chokaa, na barabara ya A20 inayoingia bandarini hupita ukingoni mwa mji, kati ya nyumba na ufuo. Lori lenye trela linaruhusiwa kuwa na urefu wa mita 16.5, na ukiongeza nafasi ndogo mbele yake, kila lori linahitaji takribani mita 20 za barabara. Kwa hiyo kilomita moja ya safu moja hubeba malori 50 tu. Malori 500 yakikosa nafasi ndani ya geti, safu moja itarudi nyuma kilomita 10, na muda mrefu kabla ya hapo mizunguko yote ya mjini itakuwa imezibwa, gari la wagonjwa halipiti, na magari yanayoshuka kutoka kwenye feri hayana pa kutokea. Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote, kwa sababu feri isiyoweza kushusha haiwezi kupakia, na foleni iliyoanza kwa kuchelewa hugeuka kuwa foleni inayojizuia yenyewe.

Lakini kwa nini foleni inakua haraka kiasi hicho? Jibu liko kwenye vibanda vya pasipoti, na hesabu yake inaweza kufanywa na yeyote. Tuchukue mfano wa vibanda 10, kila kimoja kikitumia sekunde 30 kwa gari moja. Kwa saa moja vitapitisha magari 1,200. Yakija magari 900 kwa saa, hakuna anayesubiri sana. Sasa ongeza sekunde 30 tu kwa kila gari, labda kwa sababu kila pasipoti inapaswa kugongwa muhuri. Uwezo umeshuka hadi magari 600, na kila saa magari 300 yanabaki nje. Baada ya saa tano ni 1,500, ingawa hakuna kibanda kilichofungwa wala ofisa aliyezembea. Nusu dakika ndiyo iliyojaza barabara.

Jambo jingine linaloongeza uzito ni kwamba maofisa wa Ufaransa hukagua pasipoti wakiwa Dover, kwenye ardhi ya Uingereza, kwa mujibu wa mkataba wa Le Touquet wa mwaka 2003. Vivyo hivyo, maofisa wa Uingereza hukagua wakiwa Calais. Wasomaji wanaovuka Namanga au Malaba wamezoea kinyume chake: katika vituo vya pamoja vya mpakani vya Afrika Mashariki, msafiri hupita upande anaotoka bila kusimama, akakaguliwa na nchi zote mbili upande anaoingia. Dover haiwezi kufanya hivyo kirahisi, kwa kuwa kati ya pande mbili kuna bahari, na ni afadhali asiyeruhusiwa azuiwe kabla ya kupanda feri. Matokeo yake ni kwamba idadi ya maofisa iliyoamuliwa na serikali ya Ufaransa huamua urefu wa foleni katika vijiji vya Kent, na meneja wa barabara wa Kiingereza hana amri hata moja juu yake.

Kwa kuwa hana uwezo juu ya kibanda, kilichobaki mikononi mwake ni kuchagua foleni isimame wapi. Hilo ndilo kiini cha kazi yote. Hatua ya kwanza iko karibu na mji: tangu mwaka 2015, bandari ikianza kujaa, taa za barabarani kwenye A20 upande wa magharibi wa Dover huzuia malori katika safu ya kushoto na kuyaachia kwa mafungu kadiri nafasi inavyopatikana, huku wenyeji na magari madogo wakipita safu ya kulia. Utaratibu huu mdogo, ambao hauandikwi sana magazetini, kwa maoni yangu ndio unaofanya kazi nzuri kuliko yote, kwa sababu unazuia tatizo likiwa bado changa.

Ukishindwa huo, zamu huwa ya M20. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, polisi wa Kent walikuwa na mpango ulioitwa Operation Stack: upande mzima wa barabara unaoelekea pwani ulifungwa, malori yakapangwa humo, na kila mtu mwingine akasukumwa kwenye barabara ndogo. Katika kiangazi cha mwaka 2015, mgomo wa wafanyakazi wa feri huko Calais pamoja na wahamiaji waliojaribu kuingia katika reli ya chini ya bahari ulifanya mpango huo utumike kwa siku nyingi za Juni na Julai, na jimbo karibu lisimame. Malori yalikuwa yamepata pa kukaa, ila wakazi walikuwa wamepoteza barabara yao kuu.

Ndipo mwaka 2019 ukaja mpango wa Operation Brock. Kati ya Maidstone na Ashford, kwenye kipande cha kilomita 22 hivi, upande wa kuelekea pwani hutengwa kwa malori yanayovuka mpaka, na upande wa kuelekea London hugawanywa katikati ili magari mengine yaende na kurudi humo humo. Ukirudia hesabu yetu ya malori 50 kwa kilomita, safu mbili za kilomita 22 zinabeba takribani 2,200, na makadirio rasmi huwa karibu na 2,000. Mwanzoni vizuizi vya kugawa njia vilikuwa vya chuma na kuviweka kulichukua muda mrefu. Tangu mwisho wa mwaka 2020 vinatumika vipande vizito vya zege vilivyounganishwa kwa bawaba. Usiku, barabara ikiwa imefungwa, mashine ndefu hutembea taratibu juu ya mstari huo, ikinyanyua kila kipande upande mmoja wa tumbo lake na kukitua mita chache pembeni, kama zipu inayohamishwa mahali pake. Asubuhi dereva anakuta barabara imebadilika umbo.

Mpango wa namna hii una adui mmoja, naye ni dereva mjanja. Simu yake inamwonyesha njia ya mkato kupitia kijijini, na lori la tani 40 linaishia kukwama kwenye kona iliyojengwa kwa ajili ya mikokoteni. Zaidi ya usumbufu, kila anayeruka foleni anawafundisha wengine kwamba kusubiri ni ujinga. Kwa hiyo sheria ilitungwa: lori linaloelekea mpakani likitumia barabara zilizokatazwa wakati mpango unaendelea, faini ni pauni 300. Kwa upande mwingine, kuna mizigo iliyopewa kipaumbele. Mapema mwaka 2021, baada ya Uingereza kutoka katika soko la Umoja wa Ulaya, waliotangulizwa walikuwa samaki na viumbe wa baharini wabichi, pamoja na vifaranga wa siku moja.

Jaribio kali zaidi lilikuja tarehe 20 Desemba 2020, Ufaransa ilipofunga mpaka kwa saa 48 kwa hofu ya aina mpya ya virusi vya korona, na ulipofunguliwa tena, kila dereva alitakiwa kuwa na cheti cha kupimwa. Kibanda kilikuwa kimefungwa kabisa, na malori yaliendelea kuja. Barabara pekee isingetosha, hivyo maelfu yalielekezwa Manston, uwanja wa ndege uliofungwa mwaka 2014, yakapangwa kwenye njia ya kurukia ndege. Karibu miaka miwili kabla yake, Januari 2019, serikali ilikuwa imeujaribu uwanja huo kwa malori 89 tu, idadi ambayo hata wakati huo ilichekwa. Wanajeshi walipita kabini kwa kabini wakiwapima madereva, wazimamoto wa Kifaransa wakavuka kuja kusaidia, na watu wa kujitolea, miongoni mwao Masingasinga (waumini wa dini ya Sikh) wa shirika la misaada la Khalsa Aid, wakaleta chakula cha moto. Krismasi ilimkuta dereva ndani ya kabini.

Hapo ndipo udhaifu wa ramani hizi zote unapoonekana. Mhandisi huhesabu mita 20 kwa lori; hahesabu choo. Barabara kuu haina bomba la maji wala mahali pa kutupa taka, na malalamiko ya madereva mwaka baada ya mwaka ni yale yale. Tena sheria za Ulaya humtaka dereva apumzike dakika 45 baada ya kuendesha saa nne na nusu, na alale saa za kutosha, ilhali foleni inamtaka asogee mita 50 kila baada ya muda. Akilala, wa nyuma wanapiga honi. Akisogea, mapumziko yake yamevunjika. Mara kadhaa serikali imelazimika kulegeza masharti hayo kwa muda.

Magari ya abiria ni tatizo la aina nyingine. Tarehe 22 Julai 2022, shule zilipokuwa zinafungwa, uongozi wa bandari ulitangaza hali ya dharura na kulalamika kwamba vibanda vya Ufaransa havikuwa na maofisa wa kutosha. Familia haiwezi kupangwa kwenye M20 kama lori, kwani ina watoto, joto na tiketi yenye saa yake. Pasaka ya mwaka 2023 mabasi ya wanafunzi yalisubiri usiku kucha, kwa kuwa basi moja lina pasipoti hamsini na kibanda hukagua pasipoti, hakikagui magari. Tangu Oktoba 2025 Umoja wa Ulaya umeanza kuchukua alama za vidole na picha za wasafiri wasio raia wake, na Dover ilianza na malori na mabasi kabla ya magari madogo.

Mtu atauliza kwa nini wasijenge uwanja mkubwa wa malori wakamaliza. Walipanga. Baada ya mwaka 2015 serikali ilitenga pauni milioni 250 kwa ajili ya maegesho ya malori 3,600 huko Stanford West, kando ya M20, kisha ikauacha mradi huo Novemba 2017 baada ya kupingwa mahakamani. Uwanja huo ungekaa mtupu siku nyingi za mwaka, tena kwenye ardhi ya watu. Barabara tayari ipo, na zege lake limekwisha lipiwa, na ndiyo maana mashine ya vizuizi bado inatunzwa Kent ikisubiri likizo ijayo.