Kuijua baridi ya Makete hakukusaidii Kibo

Juzi kijana kaniandikia: "Kaka mimi nimekulia Makete, baridi naijua, na nakimbia kilomita 21 bila kusimama, nipangie kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu siku 5 tu, ntatangulia Moshi siku 3 nizoee hali ya hewa." Huyo ni wa nne mwezi huu, na wote kosa lao linaanzia hapohapo kwenye "hali ya hewa", maana mtu akilisema hilo neno kichwani anawaza sweta.

Baridi ina dawa yake. Koti zito, glavu, begi la kulalia, vyote unakodi Moshi mjini, imeisha hiyo. Kinachorudisha watu ni mwinuko. Moshi iko kama mita 900 tu, ukikaa hapo hata mwezi mwili haujifunzi chochote cha mlimani, na Makete pamoja na baridi yake yote haifiki kambi ya Horombo, mita 3,700.

Na tuache kusema juu hakuna oksijeni. Ipo, asilimia 21 ileile ya stendi ya Moshi, ila presha ya hewa inashuka, pale kilele cha Uhuru mita 5,895 inabaki karibu nusu ya ile ya pwani, kwahiyo kila pumzi inakuletea nusu ya ulichozoea. Mwili unajibu kwa kuhema zaidi, kuhema kukizidi damu inapoteza uwiano wa asidi, hapo figo ndo zinarekebisha kwa kutoa bikaboneti (kemikali inayopunguza asidi) kwenye mkojo, na hiyo kazi inachukua siku kadhaa, hakuna mazoezi ya gym yanayoiharakisha. Mteja akitoka mara tatu usiku kwenda kukojoa mimi nafurahi kabisa. Diamox, dawa ya ugonjwa wa mwinuko, inasaidia kidogo, akuandikie daktari, lakini ratiba mbovu inabaki mbovu.

Sasa angalia kambi za Marangu ya siku 5: Mandara mita 2,700, Horombo 3,700, Kibo 4,700, halafu usiku huohuo unaamshwa kwenda samiti, yaani kileleni. Madaktari wa milimani wanashauri ukishavuka mita 3,000 usipandishe pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Niseme na upande wa pili ambao sisi wauzaji wa safari tunaukwepa: hata njia ya Machame, hata ya Lemosho ninayoipenda, kuna siku zinavunja hiyo kanuni. Nafuu yake ni kwamba unapanda hadi Lava Tower, mita 4,600 hivi, unakula mchana pale kichwa kikigonga, halafu unashuka kulala Barranco, chini ya 4,000. Marangu nayo inarekebishika ukiongeza usiku wa pili Horombo, asubuhi unapanda mpaka Mawe ya Pundamilia, unarudi kulala palepale. Siku 6 ndo mwisho wangu wa kushuka, 7 ndo naipenda, hata ukiniambia fulani alifika kwa 5.

Wenye mazoezi ndo wananitia hofu zaidi, kwasababu miguu inawaruhusu kukimbilia kambini kabla mwili haujazoea. Nilikuwa na mmoja Kibo, saa tano usiku, kifua kipana, anasema yuko poa. Nikamwambia funga kamba za viatu. Akaziangalia tu, vidole vinazunguka hewani. Nikamwambia tembea mguu mbele ya mguu kama unapita juu ya kamba, hatua ya tatu akayumba. Hiyo ni ubongo unavimba, hakuna mjadala, tulimshusha usiku uleule yeye katikati, wagumu (wapagazi) wawili ubavuni, na kufika Horombo alfajiri akaomba supu mwenyewe. Kwenye kundi hilohilo mama mmoja mwalimu mstaafu, aliyekuwa anaachwa nyuma kila siku, alifika Uhuru.

Kipimo cha oksijeni cha kidoleni natembea nacho lakini sikiamini peke yake, nimeona mwenye asilimia 78 anakula bisi na kucheka na mwenye asilimia 88 anatapika. Namwangalia mtu anavyokula, anavyojibu, anavyotembea. Na kuna usiku nimemrudisha mtu ambaye mpaka leo najiuliza kama angefika salama. Bado ningemrudisha.

Kuhusu miji, fupi tu: lala Moshi usiku mmoja kabla na mawili baada, maporomoko ya Materuni na maji ya Chemka yaache mpaka ushuke, miguu itayashukuru. Epuka masika, Machi mwishoni hadi Mei. Ukitaka kuwa juu tarehe 9 Desemba, kama Luteni Nyirenda alivyopandisha mwenge 1961, weka nafasi mapema sana kwasababu wengi wanawaza hivyohivyo, na kuanzia katikati ya mwezi huo Wachaga wanarudi nyumbani, basi la Dar kwenda Moshi utalisikia kwa jina tu.

Yule wa Makete nimemjibu siku 7, Machame, na hizo siku 3 za Moshi azihamishie mlimani. Bado hajajibu.