Bi Stara: adui ninayemtaka katika sehemu ijayo ya The Lion King

The Lion King II: Simba's Pride, sehemu ya pili ya ile katuni ya Disney ya 1994 kuhusu ufalme wa simba, ilitoka mwaka 1998. Sisi tuliiona baadaye kidogo, Wete, kwa kanda ya video ya kuazima, watoto tumejazana mkekani na mama zetu wamekaa nyuma. Simba mmoja akaitwa kwa jina lake, Nuka, chumba kizima kikaangua kicheko. Mwenye nyumba akauliza, "Kwani haogi?" Kisha akaja mama yake, Zira, na kicheko kikakatika, maana hakuna mtoto mle ndani ambaye hakuwahi kuambiwa "umezira nini wewe?" siku aliyosusa chakula kwa hasira. Kiingereza hatukukijua, lakini hadithi tulishaimaliza: huyu mama ana chuki, mwanawe ananuka, binti yake Vitani kaletwa kwa ajili ya vita, na Kovu kabebeshwa jeraha la mtu mwingine.

Hilo limenikaa hadi leo. Waandishi wa filamu zile walichota majina kwenye Kiswahili kwa sababu yanapendeza masikioni mwao, na kwa mtazamaji wa Marekani jina kama Zira ni sauti tupu. Kwetu ni shitaka. Ilipokuja Mufasa: The Lion King mwaka 2024, tukaambiwa kwamba Scar, yule aliyemuua nduguye mfalme Mufasa katika filamu ya kwanza, kabla ya kupata kovu lake aliitwa Taka. Masikini kijana yule! Taka ni uchafu, na taka ni kule kutaka kitu kisicho chako. Ukisikia mtoto ameitwa hivyo, hungojei mwisho wa filamu kujua atamfanyia nini nduguye.

Kazi yangu ni sauti. Nilianza kwenye michezo ya redio, na siku hizi naongoza waigizaji wanaotia sauti katuni za kufundishia watoto, katika chumba kimoja cha nyumba ya mawe hapa Mji Mkongwe. Kwa hiyo nikifikiria sehemu nyingine ya hadithi hii ya simba, sianzi na ukubwa wa meno ya adui. Naanza na jina lake, halafu pumzi yake.

Jina ninalolitaka ni Stara.

Msomaji wa hapa ameshanielewa, lakini wacha nilifafanue, maana filamu nzima imekaa ndani ya neno hili. Stara ni heshima, ni kujifunika, ni dua tunayoombeana: Mungu akusitiri. Mtu akikuta aibu yako akanyamaza, amekusitiri, na wema huo hausahauliki. Sasa mfikirie chui jike, mzee, madoa yamefifia mabegani, anaishi kwenye jabali lenye kivuli pembezoni mwa nchi ya Simba. Wanyama wote wanamwita Bi Stara na kila mmoja ana siku aliyokwenda kwake akilia. Siku za utawala wa Scar, njaa ilipokaza, walikuwapo walioapa hawali na fisi, na usiku wakala. Bi Stara aliwaona. Swala mmoja alikimbia akamwacha mwanawe mdomoni mwa mamba, akasema mtoto kapotea njiani. Bi Stara alikuwa juu ya mti. Hakumwambia mtu. Akamfuta machozi, akampa kivuli, akamwambia: "Kaa kitako mwanangu. Mimi siku ile sikuona kitu. Wewe uliona?"

Ndivyo alivyoipata nchi. Kiti cha ufalme hakitamani hata kidogo. Kiara, binti wa Simba, akikua, akishika nafasi ya baba yake, ataamuru jambo la haki kabisa, tuseme kila mmoja aeleze ukweli wa miaka ya njaa ili mayatima wajue wazazi wao walikufaje, na atashangaa kuona nchi nzima inamtazama bila kujibu. Hakuna aliyetishwa. Hakuna jeshi mlangoni. Wote wamesitiriwa, na wanajua aliyewafunika anaweza kuinua shuka wakati wowote.

Nimemchagua chui kwa sababu mbili. Kwanza, Unguja tulikuwa na chui wetu, mdogo kuliko wa bara na madoa yake madogo madogo, ambaye wanasayansi walimpa jina la Panthera pardus adersi mwaka 1932. Vijiji vya kusini vilikuwa na imani kwamba chui wengine wanafugwa na wachawi, wanatumwa usiku na kurudi alfajiri. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ilipita kampeni ya kuwasaka wachawi na chui wao pamoja, na mnyama akapungua hata wengi wakahesabu ametoweka. Kinachonigusa katika habari hiyo ni mwanadamu: nyumba ya tatu kutoka kwako unaamini kuna chui uvunguni, na kila asubuhi unampa jirani sabalkheri. Woga wa kisiwa ndio huo. Bara lina nafasi ya kumkimbia adui. Kisiwani unakutana naye sokoni.

Sababu ya pili ni mlio. Simba ananguruma kutoka kifuani na kila mtu anaujua mlio wake. James Earl Jones, aliyefariki tarehe 9 Septemba 2024, aliipa sauti ya Mufasa uzito huo mwaka 1994 na tena 2019, na sioni wa kushindana naye. Chui hangurumi namna hiyo. Mlio wake ni kama mtu anayekata ubao kwa msumeno gizani, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Kwa mwongozaji wa sauti hiyo ni zawadi. Nitamtaka mwigizaji wangu pumzi yake isikike pande zote mbili. Waigizaji wengi hujifunza kuificha pumzi ya kuingia, na mafundi huikata kabisa wakati wa kuhariri. Kwa Bi Stara iachwe. Unamuuliza swali, kwanza unasikia hewa ikiingia taratibu, kavu, halafu ndipo linakuja lile "mwanangu".

Nikimpa mwigizaji karatasi iliyoandikwa "adui", jambo la kwanza anacheka kutoka tumboni. Nimelisikia cheko hilo mara nyingi mno. La pili anaongeza sauti, sindano za mashine zinaruka kwenye nyekundu, na mtoto anayesikiliza anajua wakati wa kuogopa umefika, anajiandaa, haogopi tena. Bi Stara asipandishe sauti hata mara moja katika filamu nzima. Atakachobadilisha ni umbali. Maiki nyingi za studio zina tabia hii: ukiisogelea, sauti nzito hujaa, na vitu vidogo kama mate na ulimi vinaanza kusikika. Akiwa mbele ya wanyama wote nitamweka shubiri tatu kutoka kwenye maiki, akizungumza kama bibi yeyote barazani. Akibaki na Kiara peke yao, shubiri mbili. Mara ya mwisho, pale anapomweleza anachojua kuhusu watu wa nyumbani kwake mwenyewe, shubiri moja, uso ameugeuza kidogo ili herufi p na b zisipasuke. Kwa sikio la mtazamaji atakuwa ameinama begani kwake. Maneno yawe ya upole kuliko yote aliyowahi kusema.

Na katika filamu hizi mpya jambo hili lina uzito zaidi. Filamu ya 2019 na ya 2024 zimechorwa kwa kompyuta mnyama aonekane kama mnyama wa kweli, na simba wa kweli hana nyusi za kuinua wala midomo ya kupinda kwa dharau. Scar wa 1994 alisaidiwa sana na mchoro. Mkono wa mchoraji na sauti ya Jeremy Irons vilivutana kamba pamoja. Uso ukinyamaza, mzigo wote unahamia kooni. Mads Mikkelsen alimpa Kiros, yule simba mweupe wa 2024, ubaridi mzuri, lakini Kiros anatisha kwa nguvu, anakuja kuua, na sauti yake inatangaza hivyo tangu mbali. Namtaka anayefungua mlango kwa mguu laini zaidi.

Basi nani?

Ukimuuliza Mzanzibari atakutajia Bi Kidude, Fatma binti Baraka, aliyetutoka Aprili 2013. Nimelifikiria, na nasema hapana, kwa mapenzi yote niliyo nayo kwake. Sauti ya Bi Kidude ilikuwa ya ukweli usiofunikwa. Ilikwaruza, ilipasuka, ilitoka kama ilivyo hadharani na haikumwonea mtu haya. Yeye angekuwa yule anayekuja mwisho kuinua shuka. Ila alikuwa pia mwalimu wa unyago, na hapo ndipo nilipoipata njia. Sauti ya Bi Stara ni ya somo, kungwi, mwanamke mzima anayemnong'oneza mwari mambo yasiyosemwa mbele ya watu. Sauti hiyo inaaminiwa kabla haijasema lolote, nasi tumeisikia maisha yetu yote nyuma ya pazia. Kwa toleo la Kiswahili nitamtafuta mwanamke aliyepita miaka sitini, aliyeimba taarabu ya kukaa, inayodai uvumilivu: ubeti unaingia taratibu, fumbo linafunguka mwishoni, na waliokusudiwa wanajijua bila kutajwa. Mwimbaji wa namna hiyo ameshafanya mazoezi ya Bi Stara kwa miaka arobaini.

Kwa toleo la Kiingereza, chaguo langu ni Lupita Nyong'o. Katika filamu ya The Wild Robot ya 2024 alianza na sauti ya mashine, kila neno na mpaka wake, akailainisha kidogo kidogo mpaka ikawa ya mama; mabadiliko yale unayasikia bila kuweza kuonyesha dakika yalipotokea. Bi Stara anahitaji safari hiyo hiyo ikitembezwa kinyume. Na kuna jambo la pili. Katika filamu ya Us ya 2019 alimtengenezea adui sauti iliyokabwa, akieleza kwamba aliisikia kwa watu wenye maradhi ya mishipa ya sauti. Wenye maradhi hayo waliumia, naye akaomba radhi. Mwigizaji aliyepita hapo anajua gharama ya kuufanya ugonjwa wa mtu kuwa alama ya ubaya. Hadithi hii ya simba yenyewe ilianza kwa kumwita adui kwa jeraha lake la usoni, maana Scar kwa Kiingereza ni kovu, na ningependa ukurasa huo ufungwe.

Lafudhi nayo nina neno nayo. Miaka kadhaa nyuma niliitwa kwenye mchezo mmoja, na kabla sijasoma hata mstari nikapewa nafasi ya mchawi. Mwongozaji alisema lafudhi yangu ya Pemba inatosha, hakuna haja ya kujitahidi. Niliifanya kazi ile kwa sababu nilihitaji pesa, na siku iliporushwa nilizima redio nyumbani ili mama yangu asisikie. Kwa hiyo Bi Stara atazungumza Kiunguja cha mjini, kile kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, safi, kila irabu mahali pake. Na mnyama wa kwanza kuuvunja ukimya, popo mzee ambaye hana cha kuficha kwa sababu maisha yake yote ameyaishi kichwa chini mbele ya kila ntu, huyo atasema Kipemba.

Kutia Kiswahili kwenye midomo iliyochorwa kwa Kiingereza kuna taabu yake. Sauti ya Kiingereza kwa kawaida hurekodiwa kwanza, mchoraji akafuata. Sisi tunakuja mdomo umeshachorwa. Maneno ya Kiingereza mengi humalizia konsonanti, mengine mdomo umefumbwa kabisa, yetu humalizia irabu, mdomo wazi. Chui akifumba mdomo kwa m na wewe bado uko kwenye a, mtoto wa miaka sita anaona. Dawa yangu ni kutafsiri nikiutazama mdomo kwanza na karatasi baadaye, na kupanga neno lenye m, b au p liangukie pale pale. "Mwanangu" litanisaidia sana, kwa sababu linaanza kwa kufumba na linaweza kuwekwa popote mwanamke mzima anapozungumza na aliye mdogo kwake.

Mistari ya majaribio nimeshaiandika, mitatu tu. Nitazima feni, nitangoja adhana imalizike, nitawaweka waombaji mmoja mmoja nyuma ya magodoro tunayotundika kuzuia mwangwi. Mstari wa kwanza ni "Umekula mwanangu?", usemwe kwa mtoto unayempenda. Wa pili ni maneno hayo hayo, usemwe kwa mtoto ambaye siri ya baba yake unaijua, na mapenzi yasipungue hata chembe. Wa tatu hauna maneno. Kiara ameuliza, "Bibi, siku ile uliona nini?", na mwigizaji anavuta pumzi na hajibu. Mimi nitakuwa nimevaa vipokea sauti, nahesabu kimya kimya mpaka nne. Yule atakayenifanya nisahau kuhesabu, kazi ni yake.