Leza nyekundu, hewa inawaka zambarau

Radi zikianza ziwani usiku, mtu aliyekaa Capripoint, pale Mwanza, anaangalia plazma bure kabisa, hewa imechemka mpaka elektroni zimebanduka na inamulika nyeupe. Sisi watu wa leza tunatengeneza plazma hewani pia ila rangi yake ni nyingine, na ndo swali naloulizwa sana nikiwa nyumbani: leza ni nyekundu, zambarau inatoka wapi?

Leza yenyewe ina urefu wa wimbi wa nanomita 800, wekundu ambao jicho linauona kwa shida. Fotoni yake moja, yaani chembe moja ya mwanga, ina nishati ya elektronivolti 1.55 tu, wakati kung'oa elektroni kwenye molekuli ya oksijeni kunataka kama 12.1, naitrojeni 15.6. Mojamoja haziwezi, hata uwashe mwaka mzima. Sasa bana nishati yote kwenye pigo la femtosekunde 40 (femtosekunde ni sekunde moja igawe kwa milioni bilioni), yaani kipande cha mwanga chenye urefu wa maikromita 12 hivi, hapo fotoni zinavuta kwa mkupuo kama wavuta kokoro (ule wavu wa kukokota samaki, najua, umepigwa marufuku), nane kwa oksijeni, 11 kwa naitrojeni, na elektroni inatoka.

Utamu uko hapa. Pigo limeshapita, hewa ndo inaanza kuwaka, na kinachowaka sio leza bali naitrojeni inayorudi kwenye nishati ya chini: molekuli zake zinatoa mwanga wa nanomita 337 na 357, ioni zake (molekuli zilizopoteza elektroni) 391 na 428. Karibu zote ni urujuani au zaidi ya urujuani, jicho linaambulia uzi hafifu wa zambarau-bluu, mwembamba kama maikromita 100 hivi.

Kwa nini isiwe nyeupe kama radi? Muda. Pigo la nanosekunde (nanosekunde moja ni femtosekunde milioni) linakaa vya kutosha elektroni zigongane, zipate joto, zing'oe nyingine, nazo zing'oe nyingine tena, mwisho unapata cheche nyeupe na mlio. Femtosekunde 40 hazitoshi hata mgongano mmoja. Ila ukibana sana na lenzi ya fokasi fupi cheche nyeupe inarudi, kwa hiyo usimwamini anayekwambia leza ya mapigo mafupi haipashi hewa joto kabisa.

Kwenye spektromita, kifaa kinachotenganisha mwanga kwa rangi zake, mimi naanza na uwiano wa mwanga wa 391 na wa 337. Mwanga wa 391 unatoka kwenye ioni na unapanda haraka zaidi leza ikikolea, hivyo uwiano unaniambia ukali ndani ya uzi, sehemu ambayo ukiweka kipimo chochote cha kawaida kinatobolewa.